Wakuu, hii baiskeli ya resi ya zamani niifufue au niiuze chuma chakavu? Cheni inaruka, tairi lake halipatikani

#1 Dogo wa Baruti
Wakuu salaam. Nina baiskeli ya resi, zile za stelingi ya pembe, nimeichukua kwa jamaa mmoja alikuwa anahama nyumba, ilikaa stoo miaka hata yeye hakumbuki. Fremu ya chuma lakini nyepesi, gia kumi (mbili mbele tano nyuma), vijiti vya kubadilishia gia viko kwenye bomba la fremu lile linaloshuka, krenki ni zile za kupigiliwa pini. Jina hakuna, kuna mtu alishaipaka rangi nyeusi ya geti juu ya kila kitu mpaka kengele.

Lengo langu niende nayo kazini, natoka Kimara Baruti mpaka Kariakoo, nimechoka kugombania mwendokasi asubuhi. Kwenda sina shida maana ni mteremko, kurudi ndio balaa. Nikivuka Ubungo nikaanza kupanda pale Kibo, nikisimama tu kwenye pedeli cheni inaruka, kak! kak! juzi nusura niibusu lami na nyuma kuna daladala. Fundi wa mtaani kaniwekea cheni mpya, ndo ikazidi kabisa.

La pili tairi la nyuma limekwisha, limeandikwa 27 x 1 1/4 na Kariakoo kila duka naletewa 26 au 28. La tatu spoku za nyuma zinakatika, na zinazokatika ni za upande wa gia tu. Fundi anasema nisijisumbue nikauze kilo, nichukue mtumba wa Japani. Nyie mnasemaje? Na kama kuna anayeweza kuitambua ni ya nchi gani atuambie.

#2 Kokoto
Uzi wa baiskeli bila picha ni sawa na barua ya posa bila jina la binti. Tupia picha.

#3 Fundi Mstaafu
Kijana, hiyo ya krenki za pini ni Muingereza huyo, Raleigh. Nimezifungua hizo Tanga tangu miaka ya sabini. Usiiuze. Chuma cha zamani kikiwa hakijaoza ndani kinapinda kinanyooshwa, hizi za alumini za siku hizi zikipinda ndo basi tena.

Kuhusu kuruka, friwili (ule mkusanyiko wa meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma) imekwisha. Umeweka cheni mpya kwenye meno yaliyoliwa na cheni kuukuu, haviwezi kuelewana. Badilisha friwili yote, kelele inaisha.

#4 Dogo wa Baruti
Shikamoo mzee. Picha naweka jioni bando likikaa sawa. Ila meno kwa macho yanaonekana mazima, hayajachongoka.

#5 Gololi Tatu
Macho hayatoshi mkuu. Jino la friwili halilazimiki kuchongoka ndo liwe limekwisha, linalika ule upande wa kuvutwa, shimo linakuwa refu kidogo tu na cheni mpya inapanda juu ukikanyaga kwa nguvu. Ungekuwa na ile cheni ya zamani tungejua haraka sana. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, inchi ya 12 lazima iangukie katikati ya pini nyingine. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi cheni ni ya kutupa, ikipita kwa moja ya nane basi na friwili nayo ishaliwa, usiulize tena. Fundi wako aliitupa?

#6 Dogo wa Baruti
Aliichukua yeye. Nadhani ishafungia mbwa mahali.

#7 Nyegezi Asilia
Mi nina hoja tofauti. Hivyo vijiti vya gia vya kwenye bomba havina zile hatua za kukwama, vinashikiliwa na msuguano tu. Kwenye kijiti cha kulia kuna skrubu ina kipete cha kukunja kwa vidole, ikilegea, ukisimama kwenye pedeli fremu inacheza, waya unavuta, kijiti kinarudi chenyewe kidogo na cheni inataka kuhama jino. Wewe unahisi inaruka kumbe inabadilisha gia. Kaza hiyo skrubu kwanza ni bure, ndo uanze kununua vitu. Mwanza huku tunapanda Bugando sio mchezo na yangu ilikuwa hivyohivyo.

#8 Fundi Mstaafu
Kijana wa Mwanza, kuhama gia na kuruka jino ni milio tofauti. Yeye kasema kak kak.

#9 Nyegezi Asilia
Mzee mlio wa kuandikwa kwenye simu utautofautishaje 😂

#10 Bwana Vipimo
Ngoja turudi nyuma maana #3 kuna jambo linapita hivihivi. Krenki za pini sio ushahidi wa Uingereza. Wafaransa walizitumia, Wajapani walizitumia, Wachina wanazitumia kwenye baiskeli zao za Phoenix mpaka kesho. Tofauti iko kwenye unene, pini ya Kiingereza ni milimita 9.5 na ya Kifaransa ni 9. Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni kikombe cha krenki (kile kinachoshika gololi ndani ya fremu) cha upande wa kulia, kule kwenye cheni. Kikifunguka kwa kuzungusha kama unakaza (yaani kufuata saa) basi nyuzi zake ni za kushoto, hiyo ni ya Kiingereza, na Wajapani nao walifuata hiyohiyo. Kikifunguka kawaida ni Mfaransa au Mtaliano. Ni muhimu kujua kabla hujanunua chochote, maana kikombe cha Kiingereza hakiingii kwenye fremu ya Kifaransa, ukikilazimisha unaua nyuzi za fremu na hapo ndo utaiuza kilo kweli.

Cha pili shingo ya stelingi. Ya kawaida ni milimita 22.2, ya Kifaransa cha zamani ni 22.0 kamili.

#11 Kokoto
Bwana Vipimo nimeona jina nikajua leo tumekwisha.

#12 Omosh wa Kondele
Wabongo mambo vipi. Huku Kisumu hiyo ungeiuza parts moja moja na ungepata pesa mzuri kuliko kuuza kilo. Lakini mimi ningeikeep. Weka gia moja tu nyuma, toa hiyo takataka ingine yote, haitaruka tena milele. Baiskeli ya Black Mamba imebeba watu na magunia miaka yote na gia moja na hakuna mtu alilia.

#13 Mlowezi wa Utrecht
Namuunga mkono jirani wa Kisumu. Niko Uholanzi mwaka wa tisa, huku watu wanaenda kazini na gia moja au tatu, baiskeli za mabibi, mvua, upepo, na maisha yanasonga. Gia kumi za nini mjini?

#14 Mama Tunda
@Mlowezi Uholanzi hakuna Kibo.

#15 Kokoto
Mama Tunda ameua uzi 😂😂😂

#16 Mama Tunda
Sio utani, mimi naendesha Sinza mpaka Mikocheni, tambarare, na bado nina siku nashukuru gia ndogo ipo. Mtu anayerudi Kimara jioni amechoka, joto, ana begi mgongoni, mnamwambia aende na gia moja? Kimara ni mlima jamani, kile ni kilima mwanzo mpaka Korogwe. Mdogo wangu acha gia zako, ikiwezekana tafuta friwili ambayo sproketi kubwa (ile sahani kubwa ya meno) ina meno zaidi. Hiyo ya kwako kubwa ina meno mangapi?

#17 Dogo wa Baruti
Nimehesabu. Mbele 52 na 42, nyuma ndogo 14 kubwa 28. Dada ndo maana nasimama kwenye pedeli, nikikaa haiendi.

#18 Gololi Tatu
42 kwa 28 ni moja na nusu, kila ukizungusha mguu mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu. Kwa mtu wa begi na mlima ni nzito. Ukipata friwili ya 14 mpaka 34 (zipo za baiskeli za mlima za gia sita saba) inashuka mpaka moja na robo hivi, hutasimama tena. Ila angalizo, dereila (kile kinachohamisha cheni) za zamani za resi nyingi mkono wake mfupi, haifiki kwenye meno 34, inagonga. Itabidi na dereila ya nyuma ubadilishe, na mtumba wa mlima inapatikana rahisi. Na ukienda gia sita au saba habu yako (kitovu cha gurudumu) inaweza kuwa nyembamba, gia tano za zamani nyuma ni milimita 120, sita na saba ni 126, za resi zilizofuata za breki za ringi ni 130, za mlima 135.

#19 Fundi Mstaafu
Chuma kinapanuliwa. Unaweka ubao kati ya foku ya nyuma, unavuta upande mmoja, unapima kwa uzi kutoka kwenye shingo mpaka nyuma kila upande, unavuta mwingine. Nimefanya nyingi na zipo barabarani.

#20 Bwana Vipimo
Kweli, kwa chuma tu. Alumini usithubutu. Na ukishapanua ule mdomo unaoshika ekseli unabaki umekaa mshazari, lazima unyooshwe uelekeane la sivyo ekseli itapinda na kukatika. Hapo naongeza na maelezo yangu kuhusu kuruka. Habu za friwili zina udhaifu, beringi ya kulia iko ndani mbali na foku, ekseli inaning'inia sehemu kubwa bila kushikiliwa. Ikipinda, friwili inazunguka ikiyumba, cheni haikai. Dogo wa Baruti chomoa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole, ikiyumba ncha umepata jibu.

#21 Nyegezi Asilia
Kwa hiyo tuna friwili, tuna skrubu, tuna ekseli. Nani anaongeza?

#22 Mpwani Halisi
Naongeza mie. Asalaam aleikum. Huku Unguja baiskeli ya zamani tatizo lake ni chumvi. Friwili ndani ina vijino viwili vidogo vinasukumwa na springi nyembamba, grisi ikikauka ikaganda na chumvi kimoja hakiinuki, unakanyaga kinashika nusu kisha kinaachia. Huo mlio wa kak ndio wenyewe hasa. Ilaze gurudumu, mwagia mafuta ya taa pale kwenye mwanya wa friwili huku unazungusha mpaka yatoke meusi, kisha mafuta ya cherehani. Usitie grisi nzito, ndiyo itagandisha tena.

Na kabla ya yote chungulia ndani ya fremu, pale chini penye krenki, na mabomba mawili yanayokwenda nyuma. Gonga kwa bisibisi. Ikilia kavu nzuri, ikilia kama imejaa mchanga hiyo kutu ishakula. Rangi ya geti hupakwa kufunika mengi.

#23 Kokoto
Mpwani wewe rangi ya geti umeisema kwa uchungu.

#24 Mpwani Halisi
Wacha tu.

#25 Pancha Mbili
Nimesoma yote. Kuhusu tairi, acheni kumzungusha kijana, 28 x 1 1/2 la Phoenix linaingia, linalegea kidogo tu, paka sabuni jaza upepo linakaa. Nimeona kwa macho yangu.

#26 Bwana Vipimo
HAPANA. Jamani mtu ataumia. Hizo namba za inchi ni majina tu, hazipimi kitu. Angalia zile tarakimu tatu ubavuni mwa tairi, ndo kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa kwa milimita. 27 x 1 1/4 ni 630. 28 x 1 1/2 la Phoenix ni 635. Tano zaidi, upepo ukipanda tairi linaruka nje ya ringi na tyubu linapasuka, pengine ukiwa Ubungo chini ya flaiova. Halafu kuna mtego mwingine wa mtumba wa Kijapani, zile za wanafunzi na za akina mama za 27 x 1 3/8. Hiyo nayo inaitwa 27 lakini ni 609! Haipandi kwenye ringi yako hata umpe nani nyundo. Na 26 x 1 3/8 ni 590. 26 ya mlima ni 559. Usinunue kwa jina, nunua kwa hizo tarakimu tatu.

#27 Dogo wa Baruti
Aisee. Sasa naelewa, kuna duka walinipa 27 tukapigana nalo mpaka levers za kufungulia tairi zikavunjika, muuzaji anasema ringi yangu ndo imevimba.

#28 Omosh wa Kondele
Ringi imevimba 😂😂 hiyo nimeiba.

#29 Pancha Mbili
Mi nimesema nilichoona. La Phoenix liliingia na jamaa yupo hai.

#30 Mlowezi wa Utrecht
Tairi za 27 za 630 huku Ulaya bado zinatengenezwa, mtu akija likizo anaweza kukubebea mawili yakikunjwa. Lakini kila likiisha utasubiri mtu wa likizo? Hapo sioni maisha.

#31 Nyegezi Asilia
Jibu liko Kariakoo tayari. 700C ni 622. Na 29 ya baiskeli za mlima ni hiyohiyo 622, wamebadilisha jina tu kwa sababu tairi nene. Ringi za 622 zimejaa, tairi za 700 za upana wa 32 mpaka 38 zipo. Mfungie ringi za 622 kwenye habu zake za zamani, kwisha.

#32 Pancha Mbili
Na breki? Ringi ikiwa ndogo breki zinashika tairi.

#33 Gololi Tatu
630 toa 622 ni 8, gawa kwa mbili kwa sababu ni kila upande wa gurudumu, milimita 4. Zile mpira za breki zina mfereji wa kupandisha na kushusha, ukizishusha 4 kwa breki nyingi za zamani unafika, maana zilitengenezwa na mikono mirefu ili madigadi yapite. Kama mfereji umeisha unatafuta breki za mkono mrefu zaidi, za mtumba zipo. Na faida yake unapata nafasi ya milimita nne juu ya tairi, ndo tairi nene na madigadi vinaingia. Kwa mjini hiyo ni zawadi.

Ila #31 tahadhari, ringi za 29 nyingi ni pana mno, mpira wa breki za resi haufunguki kiasi hicho. Na nyingine hazina ukuta wa kushikia breki kabisa maana zimetengenezewa diski. Chagua nyembamba yenye ukuta laini ubavuni. Hesabu matundu pia, habu ya zamani kwa kawaida ni 36, ringi za siku hizi nyingi 32. Matundu yasipolingana ni kazi bure.

#34 Fundi Mstaafu
Hapo kijana wa Gololi kanena. Na hapo ndipo spoku zitapona. Spoku za kulia zinakatika kwa sababu gurudumu la nyuma halijakaa katikati ya habu, friwili imechukua nafasi, kwa hiyo za kulia zimesimama wima na zimevutwa sana, za kushoto zimelala na zimelegea. Mafundi wengi wanabadilisha iliyokatika peke yake, wanakaza mpaka ringi inyooke, kesho inakatika jirani yake. Ukifunga ringi mpya, nunua spoku mpya zote, na usikubali mchanganyiko wa makopo.

#35 Bwana Vipimo
Mzee sikubaliani sehemu moja. Spoku inakatika kwenye shingo kwa kuchoka, na inachoka zaidi ikiwa imelegea kuliko ikikazwa, kwa sababu kila mzunguko inalegea na kukazika. Za kulia zikiwa zimekazwa vizuri zinadumu. Mi nashuku cheni iliwahi kuanguka kati ya sproketi kubwa na spoku ikazikwangua. Angalia kama zina makovu pale karibu na habu.

#36 Fundi Mstaafu
Mimi nimeziona zikikatika, wewe umesoma.

#37 Bwana Vipimo
Nimesoma na nimeziona zikikatika, mzee wangu.

#38 Mama Tunda
Jamani na mzigo je? Mdogo wangu begi lako kilo ngapi na karia unayo?

#39 Dogo wa Baruti
Begi zito, nabeba vifaa vya kazi. Karia hakuna, fremu haina matundu ya kufungia. Bwana Vipimo, makovu ya spoku yapo, mawili matatu, lakini nyingine zimekatika hazina kovu hata moja. Kwa hiyo wewe na mzee nyote wawili mko sahihi au nyote hamko 😅

Mrejesho: nimekaza ile skrubu ya kijiti, kijiti sasa hakirudi. Cheni kwenye sproketi ya pili na ya tatu imetulia. Kwenye ile kubwa ya 28 bado inaruka lakini sio kila siku. Ekseli nimezungusha, inayumba kidogooo, sijui ndo kiasi cha kutisha au la. Pini ya krenki fundi kaipima na vernia yake (kile kipimo cha milimita) akasema 9.3.

#40 Bwana Vipimo
9.3 maana yake ilishapigwa tupa. Haitusaidii. Shingo ya stelingi?

#41 Dogo wa Baruti
Anasema 22 na kitu, vernia ina kutu.

#42 Kokoto
Vernia ina kutu, ringi imevimba, mko serious kweli.

#43 Gololi Tatu
Kwenye dereila hakuna maandishi? Kwangua ile rangi kidogo.

#44 Dogo wa Baruti
Nimekwangua, imeandikwa SunTour.

#45 Nyegezi Asilia
Imekwisha hiyo, Mjapani.

#46 Mlowezi wa Utrecht
Haijaisha. SunTour ndio walioanzisha ile dereila ya mshazari mwaka 1964, baadaye dunia nzima ikaiga, na miaka ya sabini zilifungwa kwenye baiskeli za kila nchi kwa sababu zilikuwa nzuri na bei rahisi. Hata Raleigh walizifunga. Isitoshe kipande hicho kimefungwa kwa bolti tu, fundi yeyote angeweza kukiweka.

#47 Fundi Mstaafu
Nimesema Raleigh.

#48 Nyegezi Asilia
Ringi yenyewe ikoje, inang'aa ina kutu au ni nyeupe butu?

#49 Dogo wa Baruti
Inang'aa, sumaku inashika.

#50 Mpwani Halisi
Basi ni chuma kilichopakwa kromu. Zitoe hata kama ungepata tairi. Mvua ikinyesha mpira wa breki unateleza kwenye kromu, unavuta breki leo unasimama kesho. Kijana unateremka Kimara mwezi wa nne na mvua ya masika, utasimama Jangwani ndani ya maji. Alumini inashika hata ikiwa imelowa.

#51 Mama Tunda
Hili naliunga mkono kuliko yote yaliyosemwa. Breki kwanza, gia baadaye. Mpira wa breki mpya, waya mpya na ganda lake lipya, zile za zamani zimejaa kutu ndani ndo maana mkono unauma. Na kama stelingi yako ya pembe ina vile vijiti vya ziada vya breki vya kushika ukiwa umekaa juu, vitoe, vinapinda tu havisimamishi kitu.

Mimi yangu nilibadilisha stelingi kabisa nikaweka iliyonyooka, kwa foleni ya Dar nataka kuona mbele na vidole viwe kwenye breki muda wote. Waume zetu wa resi humu watapinga.

#52 Gololi Tatu
Napinga 😂. Stelingi ya pembe ina nafasi nyingi za mikono, safari ndefu kama ya Kimara mikono haichoki. Na ni nyembamba, unapita kati ya bajaji mbili.

#53 Mama Tunda
Kati ya bajaji mbili ndo pa kutopita.

#54 Omosh wa Kondele
Lakini si huko kwenu mko na njia ya baiskeli kando ya mwendokasi? Niliona kwa picha.

#55 Kokoto
Ipo. Ina bodaboda, ina meza ya chipsi, ina mtu anauza mitandio, na baiskeli moja moja ikikosea njia.

#56 Dogo wa Baruti
Asubuhi saa kumi na mbili unapita vizuri, wamachinga hawajapanga. Jioni ndo unashuka unasukuma. Vioo vya chupa pia vingi, pancha kila siku.

#57 Pancha Mbili
Pancha niachieni mimi, hapa hamnifundishi. Chukua tairi kuukuu lililokwisha, kata ile waya ya kingo pande zote, weka hicho kipande ndani ya tairi zima kisha tyubu. Msumari haufiki. Baiskeli inakuwa nzito kidogo lakini unafika kazini.

#58 Bwana Vipimo
Hapa namkubali Pancha Mbili. Ila zile ncha mbili za kipande zinapokutana zichonge ziwe nyembamba, la sivyo zinasugua tyubu na zinatoboa zenyewe.

#59 Pancha Mbili
Nimekubalika na Bwana Vipimo, naomba uzi ufungwe.

#60 Jirani wa Mbezi
Samahani naingia katikati. Mnaoenda kazini na baiskeli jasho mnalifanyaje? Ofisini kwetu hakuna bafu.

#61 Mama Tunda
Toka mapema kabla ya jua, endesha pole pole, shati la kazi liwe kwenye begi, sio mwilini. Ukifika kaa robo saa kwenye kivuli ndo ubadilishe, ukibadilisha haraka utalilowesha na la pili. Taulo ndogo na chupa ya maji. Begi ndo linaleta jasho mgongoni, ndo maana nauliza karia.

#62 Gololi Tatu
Karia bila matundu inafungwa na klipu za chuma zenye mpira ndani, zile za kubania bomba, mbili kwenye mabomba ya juu ya nyuma. Chini tumia bolti ya ekseli kama ni ya nati. Mpira ni muhimu, bila mpira klipu inakata rangi na kutu inaingia.

#63 Dogo wa Baruti
Kwa hiyo nikijumlisha fundi anataka nimpe ringi mbili za 622 nyembamba matundu 36, spoku seti mbili, mipira ya breki, waya, friwili. Kasema habu atazifungua aweke gololi mpya na grisi bure akipata kazi yote. Gololi za nyuma ni ngapi, nisije nikapigwa?

#64 Fundi Mstaafu
Nyuma robo inchi, tisa kila upande. Mbele kwa kawaida ndogo, kumi kila upande. Krenki robo inchi, kumi na moja kila upande zikiwa huru bila kikapu (kile kishikizo cha gololi). Mwambie asibakize, na koni (zile za kwenye ekseli gololi zinapozungukia) zikiwa na vishimo zibadilishwe, gololi mpya kwenye koni mbovu ni hasara.

#65 Dogo wa Baruti
Asante sana mzee. Friwili nayo nimepata mpya ila aliyefungua ya zamani alitumia patasi na nyundo kwa sababu hakuwa na kile chombo chake cha kuingiza katikati. Ikatoka vipande. Ndani kijino kimoja kilikuwa kimelala hakirudi, na sproketi ya 28 meno mawili yamechongoka upande mmoja, ukiiweka kwenye meza yanaonekana.

#66 Mpwani Halisi
Kijino. Nilisema.

#67 Fundi Mstaafu
Meno. Post ya tatu.

#68 Nyegezi Asilia
Na gia ya pili na tatu zilitulia baada ya skrubu, msinisahau.

#69 Bwana Vipimo
Ekseli hamjapima na ishafungwa tena. Tutaonana masika.

#70 Omosh wa Kondele
Hiyo friwili ya vipande bado ungeuza.

#71 Mama Tunda
Dogo nina karia ya alumini iko stoo tu, niliitoa nilipoweka kikapu, na klipu zake zipo. Njoo Sinza Jumamosi uichukue, hela utaniletea mwisho wa mwezi.

#72 Dogo wa Baruti
Dada ubarikiwe. Nije na spana namba ngapi?

#73 Mama Tunda
Nane na kumi. Na uje na hiyo baiskeli yenyewe tuijaribishe, usije na daladala.